Balbu Zilizopakwa Mafuta

Mama Syombua alizikwa Alhamisi huko Matinyani, nami nilienda na hasira zangu zote. Nasema mapema ili mtu asije akanisoma akitafuta machozi. Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nilimkasirikia akiwa hai, na sioni kwa nini kifo kingenipa likizo. Nilimpenda pia, hilo ni kweli, na ndiyo maana hasira yenyewe haikuisha. Mtu usiyempenda akikukosea, mvua ya pili hainyeshi kabla hujamsahau. Niliondoka Mbumbuni alfajiri kwa lori langu dogo la kubebea ndengu, nikavuka mto Athi jua likitoka, na njia nzima nilikuwa nikijibizana na mama huyo kwa sauti kama vile amekaa kando yangu kwenye kiti cha abiria. Bintiye ndiye aliyekuwa amenipigia simu kuniambia nimewekwa kwenye programu, nitoe salamu kwa dakika mbili. "Mama alisema usikose," akaniambia. Nikamuuliza alisema hivyo lini, maana nilijua wiki zake za mwisho hakuwa anaongea. Akasema, "Alikuwa anasema kila mwaka, Auntie."

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka kumi na tisa na leseni ya udereva ambayo wino wake ulikuwa bado unanukia. Kanisa letu la Matinyani lilikuwa limepewa pikapu kuukuu na wageni fulani, na swali lililowasumbua wazee ni nani ataiendesha. Mzee Nzioka, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alitaka mwanamume. Mama Syombua, mwenyekiti wa akina mama, alimwambia mbele ya watu kwamba wanaobebwa na pikapu hiyo ni akina mama, wanaobeba maji ya kuiosha ni akina mama, basi dereva watamchagua akina mama. Wakanichagua mimi. Sijui kama vijana wa leo wanaweza kuelewa jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Upande ule hakuna aliyewahi kuona msichana akishika usukani wa gari la watu. Nilipopita sokoni mara ya kwanza, wanaume waliokuwa wakicheza bao walisimama wakaondoka kando ya barabara, wakisema wanaokoa maisha yao. Sikujali hata kidogo. Nilikuwa nimepata kitu ambacho nilikitaka kuliko mume, kuliko nguo, kuliko kuonekana mwema.

Mama Syombua alinipa chumba nyumbani kwake, nyuma ya sebule. Kilitenganishwa na ukuta wa mbao ambao haukufika juu, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilinifikia kitandani, kuanzia maombi yake ya asubuhi hadi umbea wa mchana. Nililala kati ya magunia ya ndengu na pipa la mahindi, na mpaka leo nikifungua gunia ghalani harufu yake hunirudisha kwenye kile chumba. Upande wake kulikuwa na viti vyenye vitambaa vya kushona kwa mkono, thamosi mbili, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakutaka kuitoa kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Alinipikia muthokoi wa mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akanibakizia ule uliokauka chini ya sufuria kwa sababu aliona siku ya kwanza kwamba naupenda. Jumapili ilikuwa chapati. Hakuwahi kuniita dereva. Aliniita mwiitu wakwa, binti yangu, na akiwa amefurahi sana aliniita hivyo mbele ya wageni. Nayakumbuka haya kwa utamu na yananiudhi, maana kama angekuwa mama mkali tu, ningekuwa nimeshamaliza naye zamani.

Pikapu yenyewe ilikuwa na ugonjwa mmoja ulioninyima raha, nao ni taa za mbele. Ziliwaka rangi ya chai ya maziwa, zikaonyesha pua ya gari na si zaidi. Nilizifungua nikaona balbu moja imepiga weusi ndani na ya pili iko njiani kuifuata. Mzee Nzioka akasema tununue moja, kwani ile nyingine bado inaona. Nikamwambia zimezeeka pamoja, tukibadilisha moja leo ya pili itatuangusha kesho, na gari lenye jicho moja likija mbele yako unadhani ni pikipiki. Mama Syombua akaniunga mkono. Basi tukaenda Kitui mjini sisi watatu, hadi kwenye duka la spea la Baba Wanja, mtu wa Murang'a aliyekuwa amehamia kwetu miaka mingi na kuongea Kikamba cha kuchekesha. Alituwekea maboksi manne juu ya kaunta, akayafungua moja moja bila haraka.

La kwanza alilirudisha mwenyewe. "Hii ni ya lori, volti ishirini na nne. Kwa gari yenu itawaka kama mshumaa." La pili lilikuwa la balbu zenye nguvu karibu mara mbili ya zile za kawaida, na Mzee Nzioka alilishika mara moja. Alitaka watu wa Matinyani waone kanisa likija kutoka mbali. Baba Wanja akamnyang'anya kwa upole. "Hiyo ni ya watu wa mashindano, mzee. Waya za pikapu yako ni nyembamba. Itakupea mwangaza wiki mbili, halafu soketi iyeyuke, na siku hiyo utatembea na miguu." La tatu lilikuwa na balbu zenye rangi ya buluu, ambazo alisema ni urembo, kwenye vumbi la barabara zetu haziwezi kitu. La nne lilikuwa la balbu za halojeni za kawaida, volti kumi na mbili, wati sitini kwa taa za juu na hamsini na tano kwa za chini, zenye miguu mitatu nyuma kama zile tulizotoa. Akachomoa moja kwa kushika kitako chake cha chuma. "Sasa mnisikize wote. Mtashika hapa kwa chuma. Hapa kwa glasi hapana. Hata jasho ya kidole, hapana. Hii kitu inachemka sana. Ikiwa na mafuta kidogo, hapo mahali itashika moto kuliko kwingine, na glasi itapasuka. Mtu akigusa bahati mbaya, afute na spiriti, angoje ikauke." Mzee Nzioka akauliza, "Kwani balbu imekuwa yai?" Tukacheka wote, hata Baba Wanja. Lakini tulisikia. Tulikuwa watatu mbele ya kaunta ile na wote watatu tulisikia, naomba jambo hilo likumbukwe mpaka mwisho wa haya ninayoandika.

Kanisani kwetu kitu kipya hakikutumika kabla ya kuwekwa wakfu. Jembe la shamba la kanisa, wilbaro, maikrofoni, sufuria za kupikia harusi, kila kitu kililetwa mbele Jumapili, kikaombewa na kupakwa mafuta ya zeituni kutoka chupa ndogo iliyokaa kando ya mimbari. Siicheki desturi hiyo. Lori langu mwenyewe liliombewa, na nilisema amina kwa nguvu. Pikapu nayo ilikuwa imeshapakwa ilipofika, kwenye boneti na usukani, na mambo yangeishia hapo. Lakini balbu zilikuwa mpya, kwa hiyo Mzee Nzioka akaona nazo zina haki yao. Nilipoingia ibadani nikazikuta zimetolewa kwenye maboksi, zimelazwa juu ya kitambaa cheupe mezani mbele ya watu wote. Pasta alihubiri siku hiyo juu ya wale walioenda arusini na taa zisizo na mafuta, na jinsi mlango ulivyofungwa. Akauliza taa bila mafuta ni taa gani, na kanisa zima likajibu. Nikatazama mkono wa Mzee Nzioka ukielekea kwenye chupa.

Nilitoka kwenye benchi la kwaya nikaenda hadi mezani. Nilisema kwa sauti ndogo, kwa heshima zote nilizofundishwa. "Mzee, samahani. Ile glasi Baba Wanja alisema isiguswe. Paka boxi peke yake." Alinitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia sebuleni. Kisha akasema kwa sauti ambayo maikrofoni iliishika, "Haya ni mafuta ya Bwana, msichana wangu, si ya kupikia." Watu wakacheka. Akajimwagia mafuta kiganjani, akaishika balbu kwa glasi, akaizungusha polepole kama anayepaka chapati, mpaka ikang'aa. Akafanya hivyo kwa ya pili. Nilirudi kwenye benchi langu nikaimba wimbo uliofuata bila kujua ni upi.

Kesho yake asubuhi niliegesha pikapu uani kwa Mama Syombua, nikafungua boneti, nikatafuta ile spiriti aliyotumia kuoshea vidonda vya mbuzi. Nilikuwa nimeloweka kitambaa na kushika balbu ya kwanza kwa chuma chake alipotokea mlangoni na kikombe mkononi. Akauliza nafanya nini. Nikasema nafuta, kwani yeye mwenyewe alimsikia Baba Wanja. Alitazama upande wa barabara, kule kanisa lilikokuwa, kama vile kuna mtu anakuja. "Ukifuta hiyo, umefuta maombi ya kanisa mzima," akasema. "Mzee akija kuniuliza, nitamwambia nini?"

"Mwambie zitapasuka, Mama."

"Ndunge. Ziweke hivyo. Mungu anajua hiyo gari ni yake."

Nilikuwa nakula kwake, nalala kwake, na usukani niliupata kwa mdomo wake. Niliweka kitambaa chini. Nikavuta soketi ya waya nyuma ya taa, nikatoa mpira unaozuia vumbi, nikabonyeza kile kibanio cha waya mpaka kikaachia, nikatoa balbu ya zamani na kuingiza mpya, nikiigeuza mpaka masikio yake ya chuma yakakaa kwenye nafasi zake. Nikarudisha kibanio, mpira, soketi. Upande wa kushoto betri ilibana nafasi, ikabidi nifanye kwa kupapasa tu, na Mama Syombua akanishikia mpira kwa vidole vyake vilivyonukia kitunguu. Nilipowasha, taa zilipiga ukuta wa ghala nyeupe kabisa ijapokuwa ni mchana, naye akapiga makofi. Jioni ya kwanza niliyoendesha nazo kulikuwa na harufu ya kuungua, na nilipochungulia nikaona ukungu mweupe umeshika kwenye glasi. Nikamwambia. Akasema ni mpya, zinazoea.

Siku chache baadaye tukaenda Zombe kwenye mkutano wa injili. Nilibeba kwaya ya akina mama nyuma, na bibi mmoja mzee mbele pamoja nami. Kiti hicho cha mbele kilikuwa cha Mama Syombua, ila alimpisha yule bibi, akaenda kukaa nyuma kabisa penye mlango wa kuteremkia, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Tulitakiwa kurudi alasiri. Wenyeji walichelewesha chakula, walikuwa wamechinja, na huwezi kuondoka mbuzi wa watu akiwa jikoni. Tulipokula na kuombewa safari, jua lilikuwa limeshuka. Kwetu giza halibishi hodi. Hatujafika mbali taa ya kushoto ikazimika, tena bila sauti. Nikapunguza mwendo, nikaendelea na moja, huku nyuma wakiimba. Tulipokuwa tunateremkia korongo moja la mchanga, penye kona, ya kulia ikalia tap, kama mtu aliyevunja njiti, na mbele yangu kukawa hakuna barabara. Nilikanyaga breki. Gurudumu la kushoto likaingia mtaroni, pikapu ikalala upande bila kupinduka, na nyimbo zikageuka mayowe. Wengi walichubuka tu. Mama Syombua alikuwa ameanguka chini, mguu wake umevunjika juu ya goti, na alipokuwa akilia aliita jina langu, hakuita la mwingine. Nilimshika kichwa pale mchangani mpaka gari la watu wengine lilipopita.

Mguu huo haukunyooka tena. Nimeyasikia maneno ya kila aina juu ya ajali ile, na hakuna linalonichoma kama hili, kwamba nilikuwa nimeshika kitambaa chenye spiriti mkononi.

Alirudi kutoka hospitali na plasta hadi kiunoni, wakamlaza sebuleni kwa sababu kitanda alichoazimwa na hospitali hakingepita kwenye mlango wa chumbani. Nilimwogesha, nikampikia, nikamgeuza. Mchana mmoja nilikuwa chumbani kwangu nikichambua ndengu kwenye ungo, nikasikia Mzee Nzioka akibisha na kuketi. Nikasikia thamosi ikifunguliwa. Waliongea kidogo juu ya mguu na juu ya mvua. Kisha mzee akasema, "Nimetoka kwa fundi Kitui. Ametoa zile balbu. Mafuta iliungulia kwa glasi, unaona mpaka alama ya vidole. Anasema ni hiyo ilipasua." Mama Syombua akasema, "Basi tuseme ni mafuta." Nikaacha kuchambua. Kikombe kikawekwa mezani. "Tukisema ni mafuta, mama, yule mgonjwa alipakwa juzi atasema nini? Na watoto je? Watu wataogopa chupa. Heri msichana asimame Jumapili atubu, ijulikane ajali ililetwa na dhambi yake. Watu wanasema walimwona Kitui na kijana wa karakana, hata kama si kweli, kuna kitu kila mtu anaweza kutubu. Tutamwombea, tutamsamehe, atarudi kwa usukani mwaka ujao. Ni mtoto huyo. Atasahau."

Nilingoja. Ndengu moja ilikuwa katikati ya vidole vyangu, nami niliibana kana kwamba ingenijibu. Nilimngoja yule mama aliyemwambia mzee huyo mbele ya watu kwamba dereva watamchagua akina mama. Alivuta pumzi, nikaisikia kupitia mbao. Akasema, "Sawa."

Neno lenyewe ni hilo tu. Nimesikia watu wakisimulia walivyovunjiwa nyumba na kunyang'anywa shamba, nami nina neno moja lililosemwa mchana kweupe na mwanamke aliyelala chali, tena mgonjwa. Nimejaribu kumtetea mwenyewe. Alikuwa na maumivu. Alikuwa amekataza nisifute, kwa hiyo wakisema ni mafuta, wangefika kwake. Aliamini kweli kwamba nitasamehewa na kurudi. Yote nayajua, na nikimaliza kuyapanga narudi pale pale. Jioni hiyo nilimpelekea chakula, akanishika mkono akasema, "Mwiitu wakwa, Jumapili wazee wanataka useme maneno kidogo. Usijali. Yatapita." Nilimkatia ugali nikamlisha. Sikumwambia kwamba ukuta wake haukufika juu.

Jumapili akabebwa kanisani kwa kiti, akawekwa benchi la mbele, mguu umenyooshwa. Mzee Nzioka akasoma tangazo kwamba dada Ndunge ana neno la toba. Nilipewa ile maikrofoni iliyokuwa imepakwa mafuta nyakati zake. Nilijua ninachochagua. Nikipiga magoti, nina kanisa, nina chumba, nina muthokoi wa chini ya sufuria, na baada ya mwaka nina usukani. Nisipopiga, sina kitu. Niliwatazama wale akina mama walionichagua. Nikasema, "Mimi sina cha kutubu. Mama Syombua anajua. Mama, sema." Alikuwa na kitabu cha nyimbo mikononi. Alikifungua, akakitazama, na hakuna aliyekuwa ametaja wimbo. Nikasema tena, "Mama, sema." Pasta akaanza kuomba kwa sauti kubwa ili kunifunika. Niliweka maikrofoni sakafuni nikatoka kwa mlango wa mbele, na kabla jua halijatua nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye gunia la ndengu tupu.

Nilienda Makueni kwa sababu hakuna aliyenijua huko. Mbumbuni nilianza kwa kuosha magari, nikaja nikaendesha ya watu, nikaja nikanunua langu. Sikurudi Matinyani hata kwa harusi. Yeye hakuniandikia wala kunipigia, ila kila mwisho wa mwaka, mtu akitoka Kitui, aliniletea asali kutoka kwake ndani ya mtungi wa plastiki, bila neno. Niliila. Niliila nikiwa na hasira, nikapaka kwenye chapati, na ilikuwa asali nzuri.

Alhamisi nilipofika, msafara wa kutoka mochari ulikuwa umeingia hivi punde, taa za magari zote zikiwaka mchana kama ilivyo kawaida ya mazishi. Basi dogo la kanisa lilikuwa na taa moja imekufa. Limeegeshwa kando ya hema, boneti juu, na aliyeinama ndani yake alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, amevaa sare ya akina mama wa kanisa. Nilisogea. Mzee mmoja mwenye nia njema alinyoosha mkono kumshikia balbu, naye akamrudisha mkono huo kwa kiwiko. "Babu, usiguse glasi." Alikuwa ameishika kwa chuma, na kitambaa safi juu yake, na chupa ya spiriti iko juu ya betri. Akaiingiza, akabana kibanio, akarudisha mpira, akawasha. Ndipo pasta wao, kijana, akaja na chupa ya mafuta, akapaka msalaba kwenye kioo cha nje cha taa, pale ambapo hapana madhara, akaenda zake.

Nilimuuliza msichana jina lake, akasema ni Mutheu, dereva wa kanisa. Nikamuuliza nani alimfundisha kutogusa.

"Si ni Mama Syombua. Huyo tunazika. Alikuwa hakubali. Balbu mpya ikikuja, alikuwa anakaa hapa na fimbo yake mpaka uweke. Hata pasta alikuwa anachapwa mkono." Alicheka, kisha akakumbuka tuko matangani. "Ati kuna msichana fulani wa kitambo. Walipaka balbu zake mafuta, zikapasuka, halafu wakamfukuza. Alikuwa anatuambia hiyo story kila dereva mpya. Hata mimi wazee walinikataa, lakini alisema akifa kabla mwanamke ashike hiyo gari tena, asizikwe na kanisa."

"Huyo msichana alikuwa anaitwa nani?"

Mutheu alifuta mikono yake. "Hakuwahi kutuambia jina."

Nikakaa ndani ya lori langu kwa muda, milango imefungwa. Aliyafanya yote. Alilinda glasi, akapiga mikono ya mapasta, akampigania msichana mwingine mpaka akapata usukani, na mguu ule mbovu ukasimama kando ya boneti mwaka baada ya mwaka. Jambo dogo lililobaki, la kusema jina langu mbele ya watu wale wale, hilo lilimshinda. Aliwaambia madereva wote. Mimi aliniletea asali. Nililia, ndiyo, na nilipiga usukani mpaka honi ikalia na watu wakageuka.

Waliponiita, mshereheshaji alinikumbusha ni dakika mbili. Kwenye hema la mbele, kiti cha kwanza, alikuwa amekaa Mzee Nzioka, kofia magotini, mzee sana sasa, na mkaza mwanawe kando yake akimpigia kelele sikioni kila msemaji alipobadilika. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nilitazama jeneza, nikakuta yamebaki machache.

"Mama Syombua aliwasimulia habari za msichana wa balbu," nikasema. "Hakuwaambia jina, na mimi namlaumu kwa hilo, hata leo akiwa hapa mbele yenu. Msichana huyo anaitwa Ndunge. Ni mimi. Sikuwa na dhambi ya kutubu siku ile. Yalikuwa mafuta, na waliojua walikuwa watatu, mimi na yeye na mwingine."

Tulimsikia Mzee Nzioka akiuliza huyu anasema nini, na mkaza mwanawe, ambaye hakuwa na njia ya kumnong'oneza mtu asiyesikia, akamjibu kwa sauti, "Anasema yeye ndiye msichana wa balbu. Anasema yalikuwa mafuta."

Mzee aliinua kichwa, akanitafuta kwa macho yake yenye ukungu. Kisha akasema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia, na kila aliyekuwa pale, kutoka hema la mbele hadi kwa akina mama kwenye sufuria, alimsikia.

"Kwani hajasahau?"

Nilisogeza maikrofoni karibu na mdomo, ili hata yeye anisikie.

"Sijasahau, mzee."